Padre Vianney, Paroko wa Ars

Ndugu msomaji, wewe uliyeanza kusoma ukiwa mtu mzima unajua jinsi ilivyo kukaa benchi moja na watoto. Unajua vicheko vyao pale neno linapokukwama kooni. Basi habari ya mtu huyu itakugusa, hata kama wewe si Mkatoliki. Jina lake ni Jean-Marie Vianney. Wakatoliki wa kwetu humwita Yohane Maria Vianney.

Alizaliwa tarehe 8 Mei, 1786, katika kijiji cha Dardilly, karibu na mji wa Lyon, nchini Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima. Yeye alichunga kondoo na ng'ombe, na alipopata nguvu akashika jembe katika shamba la mizabibu. Alikuwa na miaka mitatu tu Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza mwaka 1789. Baadaye serikali mpya iliwataka mapadre waape kuitii, na wale waliokataa waliwindwa. Walitembea usiku wakiwa wamevaa nguo za wafanya kazi, wakaendesha ibada ghalani na vyumbani. Jean-Marie alipokea Komunyo yake ya kwanza mwaka 1799 ndani ya nyumba ya mtu. Madirisha yalifungwa, na nje yakawekwa magari ya majani makavu ya mifugo ili mwanga wa mishumaa usionekane.

Shule alipata kidogo sana. Alijifunza kusoma na kuandika wakati wa majira ya baridi tu, kazi za shamba zilipopungua. Lakini moyoni alitaka kuwa padre, na padre wa siku zile alilazimika kujua Kilatini. Baba yake alikataa kwa muda mrefu, kwa sababu mikono ilihitajika shambani na fedha ya karo haikuwapo. Mwishowe alikubali. Jean-Marie akaenda kijiji cha jirani cha Écully, kwa paroko aliyeitwa Charles Balley, ambaye alikuwa akifundisha vijana nyumbani kwake. Mwaka ulikuwa 1806, naye alikuwa na umri wa miaka 20.

Kilatini kilimshinda. Alichojifunza jioni kilikuwa kimetoka kichwani asubuhi. Mwenzake mmoja, Mathias Loras, alikuwa bado mtoto na mwepesi wa kuelewa. Alijaribu kumsaidia, akachoka, na siku moja akampiga mbele ya wenzake. Husimuliwa kwamba yule mkubwa alipiga magoti mbele ya mdogo na kumwomba radhi kwa uzito wa kichwa chake. Mtoto akalia, akamkumbatia. Mathias huyo alipokua alikwenda Marekani, akawa askofu wa kwanza wa mji wa Dubuque.

Padre Balley hakumkatia tamaa. Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Katika Kanisa Katoliki kuna kazi ya mlezi wa kiroho. Mlezi huyu hahubirii umati. Hukaa na mtu mmoja, humsikiliza, na humsaidia kuiona njia yake katika sala na imani. Balley alikuwa mlezi wa namna hiyo kwa mwanafunzi wake. Alisali pamoja naye, alifunga pamoja naye, na alimwona alivyo pale ambapo watahini waliona ujinga tu.

Mambo hayakwenda sawa. Mwaka 1809 Jean-Marie aliitwa jeshini. Napoleon alikuwa akipigana Hispania, na jina la mwanafunzi huyu halikuwa katika orodha ya wanaosamehewa. Njiani aliugua, akalazwa hospitali, akaachwa nyuma na kikosi chake. Kijana mmoja akampeleka milimani, kijiji cha Les Noës, ambako watoro wa jeshi walijificha. Meya wa pale mwenyewe ndiye aliyempatia maficho. Alikaa huko zaidi ya mwaka kwa jina la uongo, akifundisha watoto kusoma. Ndiyo, msomaji, yeye aliyeshindwa masomo akawa mwalimu wa alfabeti. Msamaha ulipotolewa kwa watoro, na mdogo wake kukubali kwenda jeshini badala yake, alirudi nyumbani mwaka 1811. Muda si mrefu mama yake akafariki.

Alirudi kwenye vitabu. Mwaka 1813 aliingia seminari kuu ya Lyon, ambako masomo yote yalikuwa kwa Kilatini. Baada ya miezi michache aliondolewa. Balley akamchukua tena nyumbani, akamfundisha kwa Kifaransa, kisha akaenda kumtetea kwa wakubwa. Akatahiniwa kwa Kifaransa, naye akajibu vizuri. Tarehe 13 Agosti, 1815, alipewa upadre katika mji wa Grenoble. Alikwenda huko peke yake kwa miguu, mwendo wa kilomita zipatazo 100.

Hata hivyo wakubwa walimwekea mpaka. Kwa miezi kadhaa hakuruhusiwa kuungamisha. Huenda hulifahamu jambo hili, basi nieleze. Katika kitubio Mkatoliki humwambia padre dhambi zake kwa siri, padre humpa shauri na kumwondolea dhambi kwa jina la Mungu, naye hawezi kamwe kutoa siri hiyo. Walihofu kwamba padre huyu hana elimu ya kutosha kushauri roho za watu. Ruhusa ilipokuja, mtu wa kwanza kupiga magoti mbele yake kuungama alikuwa Padre Balley, mwalimu wake. Balley alikufa mwaka 1817.

Mwezi Februari 1818 Padre Vianney alipelekwa Ars, kijiji kidogo cha watu wapatao 230, kilomita zipatazo 35 kutoka Lyon. Kanisa lilikuwa dogo, na watu wake hawakulijali sana. Vilabu vya pombe vilikuwa vinne.

Miaka ya kwanza alikuwa mkali mno. Alipiga vita pombe, kazi za Jumapili na ngoma. Wasichana waliocheza ngoma aliwanyima maondoleo katika kitubio. Mimi naona alizidisha. Kucheza kwenye sikukuu si sawa na kuiba. Lakini ukali aliojifanyia mwenyewe ulikuwa mkubwa zaidi. Alilala juu ya mbao, alichemsha viazi vya siku nyingi kwa mara moja, akavila hata vilipoota ukungu. Godoro alilopewa akampa maskini. Mwaka 1824 alifungua shule ya wasichana bila karo, kisha ikawa pia nyumba ya yatima. Walimu walikuwa wasichana wawili wa kijiji, aliowatuma kwanza kujifunza.

Mapadre wenzake hawakumpenda wote. Walisema kwamba mtu mjinga hivi hafai kuongoza watu. Barua ya kumshtaki kwa askofu ilipita kutoka parokia hadi parokia ili itiwe sahihi. Kwa bahati mbaya moja ikafika Ars. Padre Vianney akaisoma, akaona kwamba waliyoyaandika ni kweli, akatia sahihi yake, akaipeleka kwa askofu. Askofu hakumwondoa.

Wakati huohuo watu wa nje walianza kuja. Walikuja wachache, kisha makumi, kisha mamia. Kabla hajafa zilihesabiwa maelfu mengi kila mwaka. Katika kituo cha reli cha Lyon palifunguliwa dirisha maalum la tiketi za Ars. Tiketi hizo zilitumika siku nane, kwa sababu mtu aliweza kungoja siku nyingi katika foleni kabla ya zamu yake kufika.

Walifuata nini? Hotuba zake zilikuwa za kawaida, na sauti yake ilidhoofika. Walifuata kusikilizwa. Aliamka saa saba za usiku, wakati mwingine saa sita, akaenda kanisani na taa mkononi. Wanawake aliwasikiliza katika kikanisa cha pembeni, wanaume katika sakristia. Wakati wa baridi alikaa humo saa 11 au 12 kwa siku, na wakati wa joto hata saa 16. Maneno yake yalikuwa machache. Kwa wengi hayakuzidi dakika chache, kwa kuwa wengine walikuwa wakingoja. Mara nyingi hakusema neno, alilia tu. Malipizi aliyowapa watu yalikuwa madogo, na yaliyobaki aliyafanya yeye mwenyewe usiku. Ule ukali wa zamani ulikuwa umeyeyuka.

Katika sala hakuwafundisha watu mambo makubwa. Alipenda kusimulia habari za mkulima mmoja mzee wa Ars, aliyeacha vifaa vyake mlangoni na kukaa kanisani muda mrefu bila kutikisa midomo. Alipoulizwa anasema nini na Mungu, mzee alijibu kwamba hasemi chochote. Wanatazamana tu, yeye na Mungu. Mzee yule hakuwa na elimu, na paroko wake aliona hapo hapakuwa na la kuongeza.

Wengine aliwashauri waingie utawani. Wengine waliotamani utawa aliwarudisha kwenye ndoa, watoto na mashamba yao. Mmoja wa waliomwendea alikuwa Pauline Jaricot wa Lyon. Mwaka 1822 mama huyu alianzisha chama cha kuchanga senti ndogo kila juma kwa ajili ya wamisionari, na fedha za chama hicho zilifika nchi nyingi, Afrika Mashariki nayo ikiwamo. Baadaye alitapeliwa, akabaki na madeni na aibu. Alipokwenda Ars mwaka 1859, mzee hakuwa na fedha ya kumpa. Alimpa msalaba mdogo wa mti, akamtia moyo aubebe.

Lakini yeye aliyetuliza maelfu hakuwa na utulivu. Aliogopa kwamba atahukumiwa kwa kushika kazi iliyomzidi elimu. Alitamani kwenda mahali pa upweke alilie dhambi zake. Mwaka 1843, baada ya kuugua sana, alitoroka usiku akaenda Dardilly kwa ndugu yake. Watu wakamfuata hukohuko, akarudi. Mwaka 1853 alijaribu tena usiku. Safari hii siri ilitoka, kengele ya kanisa ikapigwa kama kwamba moto umewaka, na wanakijiji wakamzuia njiani wakilia. Wengine walimwomba angalau amalize kuwaungamisha. Akasimama kidogo, akageuka, akaingia kanisani, akakaa kitini kwake.

Hakujaribu tena. Kanisa lilimpa cheo cha heshima mwaka 1852, naye akauza vazi lake kwa faranga 50 awape maskini. Serikali ilimpa nishani mwaka 1855, hakuivaa hata siku moja.

Mwezi Julai 1859 joto lilikuwa kali mno, na kanisa dogo lilijaa watu tangu usiku. Tarehe 29 alikaa kitini kama kawaida, akizirai na kuzinduka. Jioni alirudi nyumbani, na kesho yake hakuweza kuamka. Habari ilienea. Watu walijaa barabarani, na wanakijiji wakatandika mashuka juu ya nyumba yake na kuyamwagia maji ili apoe. Wachache waliruhusiwa kuingia, wakapiga magoti kando ya kitanda, naye akawaungamisha akiwa amelala. Alikufa usiku wa tarehe 4 Agosti, 1859, saa nane. Alikuwa na miaka 73, na miaka 41 kati ya hiyo aliishi Ars.

Mwaka 1925 Papa Pius wa 11 alimtangaza kuwa mtakatifu, na miaka minne baadaye akamweka kuwa msimamizi wa maparoko. Kiti chake cha maungamo kipo Ars hadi leo, na watu wanakwenda kukiona.