Dunlop: Daktari wa mifugo aliyetia upepo kwenye tairi

Je, kuna faida kulipia naitrojeni wakati upepo wa kawaida upo?

KILA anayejaza upepo kwenye tairi la baiskeli, pikapu au trekta anafaidika na kazi ya daktari mmoja wa mifugo, John Boyd Dunlop, aliyefariki dunia mwaka 1921. Siku hizi baadhi ya gereji za mijini humuuliza mteja kama anataka upepo wa kawaida, au gesi ya naitrojeni ambayo hulipiwa zaidi. Kwa mwenye gari moja la kubebea nyanya au mahindi, kila shilingi inayotoka ina hesabu yake. Historia ya Dunlop inaonyesha tairi linabebwa na nini hasa, na kutokana na hapo mtu anaweza kuamua mwenyewe.

Mtoto wa shambani

Dunlop alizaliwa Februari 5, 1840 katika shamba lililopo Dreghorn, Ayrshire, nchini Scotland. Alisomea udaktari wa mifugo mjini Edinburgh, na mwaka 1867 alihamia Ireland. Akishirikiana na ndugu yake, James, alifungua zahanati ya mifugo katika mji wa Downpatrick, kisha akahamishia shughuli zake Belfast. Huko kazi ilikuwa kubwa, kwani wakati huo farasi ndiye aliyevuta mizigo, mabasi na mikokoteni ya mji mzima.

Mwaka 1887 Dunlop alikuwa na umri wa miaka 47 na hakuwa mhandisi. Mtoto wake wa kiume, Johnny, alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu yenye mpira mgumu usio na upepo ndani. Barabara za Belfast zilikuwa za mawe, na baiskeli hiyo ilimtikisa mtoto na kumchosha. Baba yake alianza kutafuta njia ya kupunguza mtikisiko huo.

Alitengeneza tyubu kwa mpira mwembamba, akaifunga kwa kitambaa kwenye duara la mbao, kisha akaijaza upepo kwa pampu ya kujazia mpira wa miguu. Baadaye alilibingirisha duara hilo uani, na kulibingirisha pia gurudumu la baiskeli ya mtoto kwa nguvu ileile. La mpira mgumu lilisimama mapema, lakini lenye upepo lilikwenda mbali zaidi. Dunlop alitambua kwamba upepo haupunguzi mtikisiko tu, bali pia unapunguza nguvu inayohitajika kusukuma chombo. Desemba 7, 1888 alipata hatimiliki ya uvumbuzi wake.

Mbio zilizobadili biashara

Watu walicheka walipoona matairi hayo manene. Kicheko kilikoma Mei 18, 1889, wakati Willie Hume, nahodha wa klabu ya baiskeli ya Belfast, aliposhinda mashindano mjini humo akitumia matairi ya upepo. Miongoni mwa walioshindwa walikuwamo watoto wa Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin na kiongozi wa chama cha waendesha baiskeli wa Ireland. Badala ya kulalamika, mzee huyo aliona fursa. Mwaka huohuo kampuni ilianzishwa Dublin kutengeneza matairi ya upepo, Dunlop akiwa mmoja wa wanahisa.

Mwaka 1890 kampuni ilipata pigo. Ilibainika kwamba hatimiliki ya Dunlop haikuwa na nguvu, kwa sababu Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amesajili wazo la tairi la upepo tangu mwaka 1845. Thomson alikuwa amewahi mno. Baiskeli za kawaida na magari ya injini hayakuwapo, mpira ulikuwa ghali, na uvumbuzi wake ulisahaulika. Dunlop aliubuni tena bila kuufahamu.

Kilichoiokoa kampuni ni uamuzi wa kununua hatimiliki za watu wengine. Tairi la kwanza la Dunlop lilikuwa limegandishwa kwenye ringi, hivyo kuziba pancha kulikuwa kazi ya muda mrefu. Charles Kingston Welch alibuni tairi lenye waya pembeni, linalovuliwa na kurudishwa kwenye ringi kwa urahisi. Hatimiliki ya namna hiyo ndiyo iliyoifanya kampuni iendelee kuwa na kitu ambacho washindani hawakuwa nacho. Mfanyabiashara anayetegemea wazo moja tu na apate somo hapo.

Mwaka 1895 Dunlop alijiondoa katika kampuni na kuuza hisa zake. Mwaka uliofuata Du Cros aliiuza kampuni kwa pauni milioni 3, na mnunuzi, Ernest Terah Hooley, akaiuza tena kwa wananchi kupitia hisa kwa pauni milioni 5. Jina la Dunlop lilisambaa duniani kote, lakini utajiri huo haukumfikia. Aliishi maisha ya kawaida Dublin, akijihusisha na biashara ya nguo, hadi alipofariki Oktoba 23, 1921 akiwa na umri wa miaka 81.

Matokeo ya kazi yake yalifika hadi Afrika. Tairi la upepo liliongeza sana mahitaji ya mpira duniani. Katika Kongo, iliyokuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hadi mwaka 1908, wanavijiji walilazimishwa kwa mateso kukusanya utomvu wa mpira porini. Huku Tanga, walowezi wa Kijerumani walipanda mashamba ya mpira, ambayo yaliporomoka bei iliposhuka mwaka 1913 kutokana na mpira wa Asia. Dunlop hakuwahi kuona trekta lenye matairi ya upepo likiuzwa, kwani kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani ilianza kuyauza mwaka 1932. Kabla ya hapo matrekta yalitembea kwa magurudumu ya chuma.

Naitrojeni imetoka wapi?

Upepo ambao Dunlop alijaza kwa pampu ulikuwa tayari na asilimia 78 ya naitrojeni. Asilimia 21 ni oksijeni, na kiasi kidogo kilichobaki ni gesi nyingine pamoja na mvuke wa maji. Kwa hiyo anayenunua naitrojeni ananunua gesi ambayo sehemu kubwa ya tairi lake imeshajaa.

Sifa ya naitrojeni imetoka kwenye ndege. Machi 31, 1986 ndege ya Boeing 727 ya shirika la Mexicana ilianguka nchini Mexico na kuua watu wote 167. Tairi lake lilikuwa limejazwa upepo wa kawaida badala ya naitrojeni. Breki ilipata joto kali, tairi likalipuka, na moto ukazuka angani. Leo sheria za Marekani zinataka matairi ya magurudumu yenye breki katika ndege kubwa yasiwe na zaidi ya asilimia 5 ya oksijeni. Kwa ndege, jambo hilo ni la uhai, lakini gari la mizigo la barabarani halitui kwa kasi ya ndege wala breki zake hazifungwi kwa namna ile.

Je, kwa gari la kawaida kuna faida? Ipo, ila ni ndogo. Naitrojeni hupenya kwenye mpira taratibu kuliko oksijeni. Jarida la walaji la Marekani, Consumer Reports, lilijaribu matairi ya aina 31 yaliyojazwa hadi paundi 30 na kuachwa nje kwa mwaka mzima. Yenye upepo wa kawaida yalipoteza wastani wa paundi 3.5, na yenye naitrojeni paundi 2.2. Tofauti ni paundi 1.3 kwa mwaka, kiasi ambacho pampu hurudisha kwa sekunde chache.

Faida nyingine ni kwamba naitrojeni ni kavu. Kompresa isiyotolewa maji huingiza unyevu ndani ya tairi, na unyevu huo hushambulia ringi ya chuma. Lakini kompresa inayotunzwa vizuri nayo hutoa upepo mkavu, na upepo mkavu hutanuka kwa joto sawa na naitrojeni. Anayeambiwa kwamba naitrojeni haipandi presha juani, anadanganywa.

Tena, tairi lililotolewa upepo halibaki tupu kabisa. Ukilijaza naitrojeni mara moja tu hadi paundi 30, takriban theluthi moja ya gesi iliyomo bado ni upepo wa zamani. Ili ipungue, fundi anapaswa kulijaza na kulitoa upepo zaidi ya mara moja. Kama hakufanya hivyo, mteja hakupata alicholipia.

Ufanye nini?

Iwapo muuzaji wa matairi mapya anakupa naitrojeni bure, ipokee. Haina madhara, na ikipungua ukiwa safarini unaweza kuongeza upepo wa kawaida bila hofu. Lakini kama unalipia kwa kila tairi, na unalazimika kurudi mjini kila linapopungua, fedha hiyo inunulie geji nzuri na vifuniko vya valvu.

Naitrojeni haizibi msumari, haitengenezi valvu inayovuja, wala haipunguzi mzigo uliozidi. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja pembeni, hupata joto, hula mafuta na mwishowe hupasuka. Lililojazwa kupita kiasi huisha katikati na kurusha gari. Pima angalau mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya kutembea, na usisahau spea. Joto likipanda kwa nyuzi 10, tairi la gari dogo huongezeka karibu paundi 2, hivyo usipunguze upepo njiani kwa sababu tu tairi limepata moto. Kipimo sahihi kipo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au katika kitabu cha gari. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu kabisa, si kiwango cha kujazia kila siku.

Pale uani Belfast, kilicholifanya gurudumu la Dunlop lifike mbali ni presha iliyokuwa ndani yake. Presha hiyo mwenye gari ataitunza kwa geji ya mkononi, awe amejaza naitrojeni au upepo wa kawaida.