Mary Leakey na twiga wa Kondoa

Ukitoka tao na matatu ya Westlands, unapita Museum Hill hata hujainua macho kutoka kwa simu. Jumba la makumbusho lililo pale, enzi za ukoloni likiitwa Coryndon, lilisimamiwa kwa miaka mingi na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete. Leo lakini tumwongelee mkewe, Mary.

Pengine unamjua kwa fuvu la Olduvai la 1959 ama nyayo za Laetoli. Sawa. Ila mwenyewe aliihesabu kazi ya Kondoa kuwa miongoni mwa raha kuu za maisha yake, na hiyo wengi hatukufunzwa shuleni.

Alizaliwa London mwaka wa 1913. Babake, mchoraji, alimpeleka mapangoni Ufaransa akiwa mtoto, akaona wanyama waliochorwa na wawindaji wa kale. Baba akafariki 1926. Shule nayo ikamshinda: alifukuzwa mara mbili, mara moja kwa kusababisha mlipuko maabarani! Digrii hakusomea. Alichokuwa nacho ni mkono wa kuchora, na ndio uliomkutanisha na Louis, aliyetafuta mtu wa kumchorea picha za kitabu. Walioana 1936.

Mwaka wa 1951 wawili hao walipiga kambi Kondoa, Tanzania, kwa miezi mitatu. Hebu jione umesimama chini ya mwamba, jua kali, mkono juu, unafuatisha shingo ya twiga mwekundu kwenye karatasi angavu bila kuruka hata mstari. Twiga, ndovu, pofu, wengine wamechorwa juu ya wengine hadi hujui nani alitangulia. Waliorodhesha maeneo 186 na kunakili takriban michoro 1,600. Kwa nini ajisumbue hivyo? Kwa sababu mifupa na mawe, alivyoona yeye, hayawezi kukuonyesha mtu alivyosuka nywele, alivyocheza ngoma ama alivyomtazama mnyama aliyemwinda.

Tena rangi zilikuwa zinafifia. Jua, mvua na watu wanaomwagia mwamba maji ndio picha ing'ae, wote wanachangia. Hata hivyo nakala zake zilikaa miaka 32 kabla ya kuchapishwa kitabuni, 1983.

Mary alifariki hapa Nairobi Desemba 1996. Miamba ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO miaka kumi baadaye.