Tingatinga: Mwalimu wa wachoraji asiyepita chuoni

MCHORAJI Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 Tunduru, ambako Mto Ruvuma hupita ukielekea baharini Mtwara, hakupata kusomea sanaa popote. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akahamia Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama kwa rangi za mafuta. Picha aliziuza Morogoro Stores, Oysterbay, na wageni wakazipenda.

Ndugu na jamaa, akiwamo January Linda, walijifunza kwa kumsaidia kazi, soko likiwa mbele ya macho yao. Mafunzo ambayo vyuo vingi vingeyaonea wivu.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa, akafariki. Wanafunzi hawakuacha brashi. Mwaka 1990 ushirika wao ulianzishwa kwa jina lake.