Anna Jarvis na Maua Meupe

Anna Jarvis alizaliwa tarehe 1 Mei 1864 katika jimbo la West Virginia, nchi ya Marekani, akakulia katika mji mdogo wa Grafton. Mama yake, Bibi Ann Reeves Jarvis, alizaa watoto wengi akawazika zaidi ya nusu yao, maana zama zile maradhi yaliwaua watoto wengi wadogo. Huzuni haikumvunja. Aliwakusanya wanawake wa vijiji vya jirani, akawafundisha usafi wa nyumba na kuwatunza wagonjwa. Na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe wanawake hao waliwauguza askari wa pande zote mbili. Tena alifundisha watoto kanisani kwa miaka mingi. Siku moja, mwisho wa somo, alimwomba Mungu ainue mtu atakayeweka siku ya kuwakumbuka akina mama. Anna alikuwa akisikiliza.

Alipokuwa mtu mzima Anna alikuwa mwalimu, kisha akahamia Philadelphia, akapata kazi ya matangazo katika kampuni ya bima. Mama yake akafa tarehe 9 Mei 1905. Tangu hapo Anna hakutulia. Aliwaandikia wakubwa wa serikali, wachungaji na matajiri barua zisizo na idadi. Tarehe 10 Mei 1908 ibada ya kwanza ya siku hiyo ikafanywa Grafton, naye akapeleka maua 500 meupe aina ya kaneshoni, kwa kuwa mama yake aliyapenda. Ua hilo lina petali nyingi zilizosongamana, na harufu yake yakaribia ile ya karafuu. Likinyauka halidondoshi petali, bali huzikunja ndani. Na Anna aliona humo mfano wa mama asiyewaacha wanawe.

Wauza maua wakaona neema imewashukia. Siku zile kaneshoni zilikuzwa katika nyumba kubwa za vioo, zilizopashwa moto kwa mabomba wakati wa baridi. Zilikatwa, zikatiwa majini zinywe, zikafungwa masandukuni na kupelekwa mjini kwa gari la moshi. Dukani ziliwekwa mahali pa baridi. Muuzaji akaunga waya kwenye kikonyo kilicho dhaifu ili ua lisiiname, akaongeza majani ya kangaga na utepe. Ni bidhaa isiyongoja mnunuzi: ua lisilouzwa upesi hutupwa. Mwaka 1910 wenye maduka 15 walifanya shirika la kupelekeana maagizo kwa simu ya waya, hata mtu aliye mbali akalipa fedha katika mji wake, na duka la mji wa mama yake likampelekea maua mlangoni.

Mwaka 1914 Bunge na Rais Woodrow Wilson waliithibitisha Jumapili ya pili ya Mei kuwa Siku ya Mama. Anna alikuwa ameshinda. Lakini ushindi huo ndio uliomletea uchungu. Kila Mei maua meupe yaliadimika na bei yake ikapanda. Wauzaji wakaeneza desturi kwamba aliyefiwa na mama avae ua jeupe, na mwenye mama hai avae la rangi. Hivyo wakauza ya kila namna. Haki itendeke: pasipo wafanyabiashara hao siku hiyo isingalienea upesi vile, na mwanzoni Anna mwenyewe alipokea msaada wao. Ila sasa aliona kwamba kumbukumbu ya mama yake imegeuzwa mtaji. Akawahimiza watu wasinunue maua hayo, akatoa beji za kuvaa badala yake, akawatisha wengi kwa mashtaka. Mwaka 1925 aliingia katika mkutano wa akina mama wa askari huko Philadelphia, waliokuwa wakiuza kaneshoni ili kupata fedha, akakamatwa na polisi kwa kuvuruga utulivu. Mwaka 1934 serikali ilipotoa stempu ya kuwaheshimu akina mama, yenye chombo cha maua pembeni, aliikataa pia.

Hakuolewa wala hakupata mtoto. Mali yake iliishia katika mashindano hayo, na macho yake yakafifia. Alikufa tarehe 24 Novemba 1948 katika nyumba ya wagonjwa huko West Chester, akiwa na miaka 84, akazikwa karibu na mama yake.