Mwenye Nguvu Mpishe? Balikuddembe Hakumpisha



Huku kwetu bonde la Kilombero, kuanzia Ifakara hadi Mlimba, methali ya mwenye nguvu mpishe tunaijua vizuri. Mkulima wa mpunga akinyang'anywa shamba na mtu mwenye fedha na cheo, majirani humwambia anyamaze tu, amwachie Mungu. Sawa, lakini kumwachia Mungu maana yake nini hasa? Leo tumwulize Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, wa kwanza kuuawa kati ya wale Mashahidi 22 wa Uganda tunaowakumbuka kila tarehe 3 Juni.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1860, na akiwa bado mdogo akapelekwa kutumika katika jumba la Kabaka Mutesa. Mwaka 1879 walifika Mapadre Weupe, akiwemo Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera. Mukasa alijifunza dini, akabatizwa tarehe 30 Aprili 1882. Mwaka huohuo mapadre wakalazimika kuondoka, wakavuka ziwa kuja upande huu wa kwetu, na baadaye wakawa na misheni Bukumbi, karibu na Mwanza. Kule Buganda hakukuwa na padre wala Misa mpaka 1885. Walei vijana kama Mukasa ndio waliowafundisha wenzao na kulishika Kanisa.

Mutesa alifariki mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga, kijana mdogo. Mwanga alimpenda Mukasa, akamfanya msimamizi wa jumba lake. Cheo kikubwa hicho, jamani! Lakini Kabaka alipotaka kuwatumia wahudumu vijana kwa matendo machafu, Mukasa aliwakinga.

Oktoba 1885, kwa amri ya Mwanga, Askofu Hannington wa Waanglikana aliuawa Busoga. Hannington hakuwa askofu wa Mukasa. Mukasa angeweza kusema hayamhusu, akaendelea kula vya ikulu. Badala yake alimwendea Kabaka na kumweleza kwamba amefanya kosa. Katikiro, yaani waziri mkuu, alikuwa anamchukia Mukasa tangu zamani, na hapo akapata nafasi yake.

Jumapili, tarehe 15 Novemba 1885, ikatoka amri auawe. Alikataa kufungwa kamba, kwa kuwa hakuwa na mpango wa kumkimbia Mungu wake. Akamwachia mnyongaji ujumbe wa kumpelekea Kabaka: kwamba amemhukumu bila kosa, kwamba yeye amemsamehe, na kwamba atubu, maana asipotubu atamshitaki mbele ya Mungu. Kisha wakamkata kichwa na kuuchoma mwili wake, pale Nakivubo. Alikuwa na miaka 25 hivi. Siku hiyohiyo Karoli Lwanga alibatizwa, naye akawa kiongozi wa wale vijana mpaka walipochomwa moto Namugongo mwaka 1886.

Na haki je? Mwanga alibaki kwenye kiti chake. Ila mwaka 1888 alipinduliwa, akakimbia kuvuka ziwa, na mwisho akapata hifadhi wapi? Bukumbi, kwa mapadre walewale ambao alikuwa amewaua wanafunzi wao! Wakampokea. Baadaye alirudi kutawala, Waingereza wakamhamishia Shelisheli, akabatizwa huko na kufa mwaka 1903. Hukumu yake anaijua Mungu peke yake.

Vijana, angalieni jinsi Balikuddembe alivyogawa kazi. Yake ilikuwa kusema ukweli bila matusi, kuwakinga wadogo, na kusamehe. Hukumu alimwachia Mungu. Basi anayedhulumiwa shamba aende kwenye baraza la ardhi na mashahidi wake, na wewe uliyeona ukubali kuwa shahidi hata kama mdhulumaji ni bosi wako. Asichome mpunga wa mtu usiku. Na jioni, kwenye rozari, mtajeni huyo mdhulumaji kwa jina, mkimwombea atubu. Hapo ndipo pagumu, tena pagumu kweli.

Ee Mungu mwenye haki, utupe ulimi usioogopa wakubwa na moyo usiolipiza kisasi. Amina.

Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, utuombee!