Ebbinghaus: Mtu Mmoja, Silabi 2,300

Mitihani ikikaribia, lazima mtu arushe kwenye grupu la darasa ule mchoro wa usahaulifu: mstari unaanza juu, unaporomoka ghafla, kisha unatambaa chini taratibu. Ujumbe wake huwa ni uleule, rudia leo au kesho umeisha. Kinachoachwa ni kwamba nambari za mchoro ule zilitoka kwenye kichwa cha mtu mmoja tu, Hermann Ebbinghaus. Sisi wa elimu maalumu, ambao tunasomeshwa tafiti za mtoto mmoja mmoja kila semista, tuna sababu ya kumjua vizuri zaidi.

Alizaliwa tarehe 24 Januari 1850 huko Barmen, katika Ujerumani ya leo, baba yake akiwa mfanyabiashara. Alisoma Bonn, vita na Ufaransa vya mwaka 1870 vikamkatizia masomo, akarudi na kupata udaktari wa falsafa mwaka 1873. Halafu akazunguka Uingereza na Ufaransa akifundisha. Inasimuliwa kwamba huko Paris, kwenye duka la vitabu vya mitumba, alikutana na kitabu cha Gustav Fechner kuhusu kupima hisia kwa hesabu. Kama hisia zinapimika, kwa nini kumbukumbu isipimike? Maabara hakuwa nayo, wala msaidizi. Sisi angalau tuna boom la kusubiri. Yeye alikuwa na kichwa chake, basi akaanza kujipima mwenyewe.

Alitengeneza silabi zipatazo 2,300, konsonanti, irabu, konsonanti, ili maana ya maneno isimsaidie kukumbuka. (Kwetu zingekuwa ngeni zaidi, maana silabi za Kiswahili nyingi huishia na irabu.) Akazipanga mistari mistari, akazisoma kwa mwendo mmoja unaofuata mlio wa saa, mpaka aweze kuzitaja zote bila kukosea. Baada ya muda aliouchagua alizijifunza upya na kuhesabu kiasi cha kazi alichookoa. Baada ya dakika 20 aliokoa kama asilimia 58, baada ya saa moja 44, baada ya siku moja 34, na baada ya siku 31 bado 21. Hiyo si asilimia ya alichokumbuka, jamani. Ni juhudi iliyopungua alipojifunza mara ya pili. Grupu la darasa huchanganya hayo mawili kila mwaka.

Ni rahisi kumcheka: mtafiti ni yeye, mtafitiwa ni yeye, msahihishaji ni yeye. Lakini tazama alivyojibana. Alifanya majaribio mwaka 1879 na 1880, kisha akayarudia mwaka 1883 na 1884 kabla ya kuchapisha kitabu chake mwaka 1885. Aligundua kwamba jioni alijifunza polepole kuliko asubuhi, akaiandika tofauti hiyo na kuifanyia hesabu. Kwa ule mstari wa usahaulifu peke yake alifanya majaribio 163, na pamoja na wastani alieleza vipimo vilivyotawanyika kiasi gani. Hata hatari ya matarajio yake mwenyewe kupindisha matokeo aliitaja.

Katika elimu maalumu jaribio la mtu mmoja ni kazi ya kila siku, kwa sababu huwezi kupata watoto mia wenye shida ileile. Unampima mtoto kabla, unaleta mbinu, unaiondoa, unairudisha, unaangalia. Halafu anakuja mtu anakusanya majaribio kama thelathini ya namna hiyo na kutoa jibu moja. Hiyo ndiyo meta-analisisi, jina alilolitoa Gene Glass mwaka 1976. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha pumba ni pumba.

Kwa hiyo mimi huanza kumkagua mkusanyaji. Je, alitafuta na tasnifu zilizobaki kwenye makabati ya vyuo, au alichukua zilizochapishwa tu, ambazo mara nyingi ndizo zilizofaulu? Watu wawili walisoma michoro kila mmoja kivyake? Ubora wa kila jaribio ulipimwa, na kipimo hicho kikatumika kwenye jibu la mwisho? Vipimo 40 vya mtoto mmoja si watoto 40, maana cha leo hufanana na cha jana. Na alitumia kipimo gani cha mafanikio? Kipo kimoja maarufu tangu mwaka 1987, kinachohesabu ni asilimia ngapi ya vipimo vya kipindi cha mbinu vimepita kipimo bora kabisa cha kabla yake. Kinahesabika hata kwa rula na penseli. Ila mtoto akiwa na siku moja tu ya bahati kabla ya mbinu, hesabu yote inaanguka. Na kama alikuwa tayari anapanda mwenyewe, mbinu inasifiwa bure. Mwalimu wa watoto wenye usonji akiuamini wastani wa hivyo, mtoto anaweza kupoteza muhula mzima kwa mbinu isiyomfaa.

Ebbinghaus mwenyewe hakuchapisha mengi. Mwaka 1890 alianzisha jarida la saikolojia pamoja na Arthur König. Mwaka 1894 kiti cha uprofesa cha Berlin kilikwenda kwa Carl Stumpf, naye akahamia Breslau. Huko mji ulitaka kujua kama saa nyingi za darasani zinawachosha wanafunzi. Safari hii hakutumia kichwa chake. Swali lilikuwa la watoto, akawapima watoto, kwa mtihani alioubuni wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Tunaujua sote.

Mwaka 1905 alihamia Halle, na tarehe 26 Februari 1909 akafariki kwa nimonia akiwa na miaka 59. Mwaka 2015 watafiti wa Amsterdam walichapisha marudio ya jaribio lake: mtu mmoja tena, saa 70 za kukariri silabi. Mstari ulifanana na wake.