Mzee Aniceti Kitereza: Mwandishi wa Kagunguli Aliyetuhifadhia Ukerewe ya Kale



Katika kijitabu hiki cha harambee ni desturi yetu kumkumbuka mmoja wa wazee wetu waliotutangulia mbele ya haki. Mwaka huu tumemchagua Mzee Aniceti Kitereza, mwandishi wa riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Wengi wetu tumelisikia jina lake, lakini waliokisoma kitabu chake ni wachache. Tunaomba uyasome maisha yake hadi mwisho, kwa sababu yanahusiana moja kwa moja na mchango tunaokuomba.

Mzee Kitereza alizaliwa mwaka 1896, wakati Wajerumani walikuwa wameanza kuitawala nchi. Alitoka katika ukoo wa watawala, kwa kuwa babu yake alikuwa Omukama Machunda. Kwa hiyo alikulia karibu na watu waliojua mambo ya utawala wa zamani, mila za koo na simulizi za kisiwa. Mtoto yule aliyekaa miguuni pa wazee ndiye pia aliyepelekwa shule ya misheni ya Kagunguli, na baadaye seminari ya Rubya, upande wa Bukoba. Huko alijifunza Kilatini, Kigiriki na Kijerumani, pamoja na masomo ya dini na falsafa. Akawa miongoni mwa Wakerewe wa mwanzo kabisa kupata elimu ya kiwango hicho.

Hakuendelea hadi upadre. Mwaka 1919 alifunga ndoa na Bibi Anna Katura, na hapa ndipo lilipoanza jambo lililogusa maisha yake yote. Watoto waliojaliwa walifariki wangali wadogo. Kila mmoja wetu anajua maana ya nyumba isiyo na mtoto katika jamii ya wakati ule: maneno ya ndugu, ushauri wa kuoa mke mwingine, mke kutazamwa kama mwenye kosa. Mzee Kitereza hakumwacha Bibi Anna wala hakuongeza mke. Walikaa pamoja hadi uzeeni.

Kwa miaka mingi alifanya kazi ya ukarani Mwanza kwa mfanyabiashara wa Kiitaliano. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza alirudi nyumbani Kagunguli akaitumikia misheni. Kote huko alikuwa akikusanya habari za kale: methali, hadithi, namna ya kuposa, namna ya kuzika, dawa za miti, uvuvi na kilimo. Aliona kwamba vijana waliopita shuleni walikuwa wanajua habari za nchi za mbali kuliko habari za babu zao, na kwamba kila mzee aliyefariki aliondoka na sehemu ya elimu ambayo hakuna aliyeiandika.

Pale misheni alikuwapo Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, aliyependa mila za Wakerewe na aliyemtia moyo aandike. Mzee Kitereza angeweza kuandika orodha ya mila, sura moja ya ndoa, nyingine ya kilimo, nyingine ya mazishi. Lakini alijua kwamba kijana hasomi orodha, ila hadithi ataifuata hadi mwisho. Basi akatunga hadithi ya mume na mke waliopendana, waliokosa mtoto, na waliosumbuliwa na ndugu kwa sababu hiyo. Wakwe wanamchukua binti yao. Mume anahangaika kumrudisha na kutengeneza pombe ya ndizi ya kuwalipa wakwe. Wanamtafuta mganga. Hatimaye wanampata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, kisha wa kike, Bulihwali. Yote haya yanatokea katika Ukerewe ya kabla ya kuja kwa Wazungu.

Ndani ya hadithi hiyo aliweka kila kitu. Mgeni akifika, unaona anavyopokewa, anavyoketishwa na anachoandaliwa. Pombe ikitengenezwa, unaifuata hatua kwa hatua hadi inaponywewa. Mtoto akizaliwa au mtu akifariki, unajua nani anafanya nini na kwa nini. Anayetaka kujua babu wa babu yake aliishi vipi atamkuta humo akilima, akivua, akicheka na akigombana na jirani.

Hatuwezi kusema kwa hakika ni kiasi gani cha maisha yake mwenyewe kiliingia humo. Lakini ni vigumu kusoma habari za Myombekere akimng'ang'ania Bugonoka bila kuikumbuka nyumba ya Kagunguli. Walichopewa wawili wale wa hadithini, Mzee Kitereza na Bibi Anna hawakubaki nacho.

Tarehe 13 Februari 1945 aliimaliza kazi hiyo, kwa Kikerewe. Hapo ndipo ulipoanza mtihani mwingine. Hakupatikana mchapishaji wa kukubali kitabu kinene kilichoandikwa kwa lugha ya watu wachache. Padre Simard alijaribu kukitafutia njia kwa kukitafsiri kwa Kifaransa, lakini hilo nalo halikufika mwisho wakati wa uhai wake. Muswada ukabaki. Uhuru ukaja, Muungano ukaja, na muswada ukawa bado haujachapwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika kisiwani watafiti Wamarekani, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, waliokuwa wakichunguza historia ya Wakerewe. Walimkuta mzee wa zaidi ya miaka 70, mwenye maumivu ya viungo, akiishi maisha ya shida na mkewe. Walimshauri akitafsiri kitabu chake kwa Kiswahili ili kipate wasomaji wengi zaidi. Mzee hakusema kwamba amechoka. Alianza upya, ukurasa kwa ukurasa, kwa mikono ile ile iliyokuwa inamuuma, akaigeuza kazi yote kuwa Kiswahili.

Tanzania Publishing House ilikichapisha mwaka 1980, miaka 35 tangu alipoimaliza nakala ya Kikerewe. Mzee Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla kitabu kilichochapwa hakijamfikia mkononi.

Baada ya hapo kitabu kilisafiri kuliko mwandishi wake. Kilitafsiriwa kwa Kijerumani na kwa Kifaransa. Mwaka 2002 kilitoka kwa Kiingereza, kazi iliyofanywa na Profesa Gabriel Ruhumbika, mwandishi na mwana wa Ukerewe hii hii, aliyetafsiri kutoka nakala ya Kikerewe. Leo Mzee Kitereza anatajwa vyuoni, ng'ambo, miongoni mwa waandishi muhimu wa Afrika.

Kwa vijana wetu wanaopenda kuandika, mzee huyu hakuacha hotuba, lakini maisha yake yanatosha kuwa somo.

Kwanza, andika unachokijua kwa undani. Hakwenda mbali kutafuta habari. Alianzia uani, shambani na ziwani. Kijana anayejua jinsi nyavu zinavyoshonwa au jinsi dagaa wanavyoanikwa ana mtaji tayari.

Pili, uliza wazee ungali nao. Uandishi wa habari za kale hauanzii kwenye kalamu, unaanzia kwenye kusikiliza. Asiyeuliza atabuni, na atakayebuni mila za watu atawadanganya wajukuu wao.

Tatu, usiionee haya lugha ya nyumbani. Mtu aliyejua Kilatini na Kijerumani aliona kwamba mambo ya Ukerewe yanasemeka vizuri zaidi kwa Kikerewe. Kiswahili kilifuata, nacho kikayafikisha kwa Watanzania wote.

Nne, maliza kazi. Angengoja kwanza apate wa kuichapa, leo tusingekuwa na chochote. Aliimaliza, akaitunza, na wakati ulipofika ilikuwepo.

Sasa tuseme ukweli kati yetu. Aliyemtia moyo alitoka Kanada. Waliomshauri atafsiri walitoka Marekani. Wajerumani walikisoma kwa lugha yao. Na sisi tuliozaliwa alipozaliwa? Kila mmoja ajiulize kama kitabu hiki kimo nyumbani mwake, na kama mtoto wake aliyemaliza kidato cha nne amewahi hata kukiona. Lawama hii tunajipa wenyewe kwanza, viongozi wa chama.

Ndiyo sababu harambee ya mwaka huu, pamoja na madawati na vyoo vya shule, ina fungu la vitabu na kumbukumbu. Tunataka shule za sekondari za kisiwani ziwe na nakala za kitabu cha Mzee Kitereza na vitabu vingine vya kusoma, na chumba chenye meza na taa ambamo mwanafunzi anaweza kukaa jioni. Tunataka pia kununua vinasa sauti, ili wanafunzi wakati wa likizo wawaendee wazee katika vijiji vyao, wawarekodi na kuandika wanachosikia. Wapo wazee miongoni mwetu wanaojua mambo ambayo hata kitabu kile hakikuyataja. Hawatatungoja miaka 35.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Asiye na fedha anaweza kuleta kitabu. Mwenye mzazi au babu aliye hai na mwenye kumbukumbu nzuri atuletee jina lake, nao huo ni mchango. Anayekwenda nyumbani mwaka huu, akishuka kwenye kivuko, apite Kagunguli na watoto wake awaambie kwamba hapa aliishi mtu aliyetuandika.

Mungu amlaze mahali pema peponi Mzee Aniceti Kitereza, pamoja na Bibi Anna Katura aliyesimama naye siku zote.